Uvimbe wa tezi za jasho kwenye titi: namna ya kufikia jina lake

Mama aliyekaa pembeni yangu kwenye basi alikuwa amepakata kikapu, na ndani yake mna kopo lililozungushiwa plasta. Safari nzima hakukiweka chini. Tuliposimama kula ndipo aliponieleza: ni nyama iliyotolewa kwenye titi la binti yake, anaipeleka maabara ya hospitali ya rufaa, na aliyemkabidhi alimwambia tu asiimwage. Kopo halikuandikwa jina. Karatasi aliyopewa ilikuwa na neno moja: uvimbe.

Mwongozo huu nimeuandika nikilikumbuka kopo lile. Unahusu vivimbe adimu vinavyoota kwenye tezi za ngozi, hasa tezi za jasho, lakini vikaonekana kwenye titi. Si saratani, ila vinafanana nayo sana: mkononi, kwenye picha, hata chini ya hadubini. Kuna wanaoondolewa titi zima au kuanzishiwa dripu za kemo bila sababu kwa ajili ya kufanana huko. Na kuna wengine, tena wengi zaidi, ambao saratani yao iliitwa "jipu tu" mpaka ikafika kwapani. Kinga ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni uchunguzi uliokamilika. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo iko mikononi mwako na mwa ndugu zako kuliko mnavyodhani.

Kwa nini titi lina uvimbe wa ngozi

Titi lenyewe ni zao la ngozi. Mtoto akiwa bado tumboni, tezi za maziwa huanza kama mstari wa ngozi ya juu unaozama ndani ya kifua. Ndiyo maana wataalamu huihesabu tezi ya maziwa kuwa ndugu wa tezi ya jasho. Zote mbili zina kuta za tabaka mbili za seli: tabaka la ndani hutoa majimaji, la nje hukaza na kuyakamua yatoke.

Juu ya hapo, ngozi inayolifunika titi ina tezi zake za jasho, tezi za mafuta na vinyweleo, kama ngozi ya mahali pengine. Vile vipele vidogo kwenye weusi unaozunguka chuchu ni tezi pia. Huwa vikubwa zaidi wakati wa ujauzito, na si ugonjwa.

Sasa fikiria tezi ya jasho iliyo karibu na chuchu imeota uvimbe. Uvimbe ukikua, husukuma kwenda chini ndani ya mafuta ya titi. Daktari akiugusa, anahisi uvimbe wa titi. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye titi. Sindano ikichota uzi mdogo wa nyama, mtaalamu wa patholojia, yaani msomaji wa nyama chini ya hadubini, anaona seli za tabaka mbili, ndugu wa seli za titi. Asipoambiwa kwamba uvimbe uligusana na ngozi, hana sababu ya kufikiria jasho.

> KISANDUKU: Majina unayoweza kukutana nayo kwenye ripoti
>
> Hidradenoma. Kati ya hivi adimu, hiki hutajwa mara nyingi kwenye titi, hasa chini au pembeni ya chuchu. Kina sehemu ngumu na sehemu ya majimaji. Huchanganywa na uvimbe wa ndani ya mirija ya maziwa, au na saratani.
>
> Silindroma. Seli zake hupangana kama vipande vya picha ya mafumbo vilivyobanana. Kwenye titi hufanana na saratani ya aina ya adenoidi sistiki.
>
> Spiradenoma. Huwa na tabia ya kuuma ukiubonyeza.
>
> Siringoma ya chuchu. Mgumu kuutambua kuliko vyote. Hupenya katikati ya misuli ya chuchu kama ifanyavyo saratani, na ukibaki kipande huota tena. Hata hivyo hausambai kwenda mapafu, ini au mifupa.
>
> Poroma na uvimbe mchanganyiko ni nadra zaidi.
>
> Mbali na hivi kuna uvimbe wa ngozi wa kawaida kabisa: kifuko chenye uji mweupe unaonuka, mara nyingi na tundu jeusi dogo juu yake. Hicho si uvimbe wa tezi ya jasho, lakini nacho kikague hospitali.

Kabla ya hatua yoyote: usifanye haya

Usikamue. Usipasue kwa wembe. Usipigwe chuku wala kuchanjwa chale juu ya uvimbe wa titi. Usiweke majivu, dawa ya meno wala majani ya moto. Kovu, usaha na damu iliyovilia hubadilisha sura ya uvimbe kwenye picha na chini ya hadubini, na jambo lililokuwa gumu linakuwa gumu maradufu. Anayetaka kukuombea akuombee, na anayetaka kukushika mkono akushike, wakati uko njiani kwenda hospitali.

Usimruhusu pia mtu akutoe uvimbe wa titi kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, akautupa. Nyama iliyotupwa haina majibu tena.

Hatua ya 1: Tazama na ushike, kisha uandike

Chagua siku chache baada ya hedhi, wakati matiti hayajajaa. Kama umekoma hedhi, siku yoyote inafaa. Simama mbele ya kioo, kisha lala chali.

Bana ngozi iliyo juu ya uvimbe kwa vidole viwili, uinyanyue polepole. Uvimbe ukinyanyuka pamoja na ngozi, huenda umeota kwenye ngozi. Ngozi ikinyanyuka peke yake na uvimbe ukabaki chini, ukiteleza, huenda umo ndani ya titi. Usilichukulie jaribio hili kama majibu. Saratani nayo hushika ngozi ikaivuta. Na chini ya chuchu jaribio halina maana, kwa sababu mirija ya maziwa huishia pale pale kwenye ngozi. Faida yake ni moja: linakupa jambo la kumweleza daktari, ambalo asipoelezwa huenda asilitafute.

Andika kwenye daftari au simu: uliugundua lini, ulikuwa na ukubwa gani (punje ya hindi, harage, ndimu), umekua au la, unauma au la, umewahi kutoa maji au damu, na kama rangi ya ngozi juu yake imebadilika. Kisha uliza nyumbani swali ambalo watu wengi hawaulizwi hospitali: *kuna ndugu wa damu mwenye vinundu vingi kichwani au usoni?* Vivimbe kama silindroma na spiradenoma vinapokuwa vingi huweza kurithiwa, kutokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo CYLD. Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto.

> NENDA HOSPITALI WIKI HII, usisubiri mwezi ujao:
> ☐ ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa
> ☐ chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani
> ☐ damu inatoka kwenye chuchu
> ☐ kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona
> ☐ mitoki kwapani
> ☐ uvimbe unakua upesi
> ☐ titi zima jekundu na la moto, na antibiotiki haijasaidia

Wanaume nanyi mna matiti, na vivimbe hivi huwapata. Uvimbe chini ya chuchu ya mwanamume hufuata hatua hizi hizi.

Hatua ya 2: Ukaguliwe, kisha upigwe picha

Mhudumu akague matiti yote mawili, kwapa zote mbili na juu ya mtulinga. Akikupa dawa ya jipu bila kukugusa, mwombe kwa adabu akukague. Kama amekupa antibiotiki, muulize: nisipopona ndani ya wiki mbili nirudi wapi?

Kwa aliye chini ya miaka 30, kipimo cha kwanza kwa kawaida ni ultrasaundi. Kwa aliyepita 40, ultrasaundi huenda pamoja na mamografia. Mama anayenyonyesha anaweza kupigwa ultrasaundi bila kumwachisha mtoto ziwa.

Mwambie mpiga picha maneno haya: "Naomba utazame kama uvimbe unagusa ngozi." Uvimbe wa tezi ya ngozi mara nyingi hugusana na tabaka la ngozi, au huwa na njia nyembamba inayoelekea juu. Jambo hilo huonekana vizuri kifaa kikiwekwa jeli ya kutosha na kisikandamizwe mno. Likiandikwa kwenye ripoti, limeokoa kazi kubwa huko mbele.

Ripoti ya picha huwa na namba iitwayo BI-RADS. Namba 2 ni uvimbe usio na shaka. Namba 3 ni shaka isiyozidi asilimia 2, na mara nyingi utaambiwa urudi baada ya miezi 6. Namba 4 ni shaka inayodai kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kitolewe kikapimwe. Namba 5 ni shaka kubwa, asilimia 95 au zaidi. Uvimbe wa tezi ya jasho wenye sehemu ngumu na majimaji mara nyingi hupewa 4, kwa hiyo usizimie ukiiona. Namba 4 inakuambia utolewe kinyama. Haikuambii una saratani.

Kuna mtego hapa kwetu wasemaji wa Kiswahili. Mahali pa uvimbe huandikwa kwa namba za saa. "3" kwenye ripoti ni namba 3 ya saa ya ukutani. Ukimweleza mtu kwamba uvimbe uko "saa tatu", atafikiria mshale ulio kwenye namba 9, upande wa pili kabisa wa titi. Omba iandikwe pia kwa maneno: kushoto au kulia, upande wa kwapa au upande wa katikati ya kifua, na sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu.

Hatua ya 3: Kinyama

Kuna sindano nyembamba, ambayo huchota seli chache. Kuna sindano nene, ambayo hutoa nyuzi za nyama baada ya kupigwa ganzi. Na kuna kutoa uvimbe mzima. Kwa uvimbe wa titi wenye shaka, sindano nene ndiyo huanza, kwa sababu huonyesha jinsi seli zilivyopangana. Sindano haisambazi ugonjwa. Hofu hiyo imewaweka wengi nyumbani mpaka wakachelewa.

Lakini kwa vivimbe hivi adimu uzi mmoja wa nyama unaweza kudanganya. Kipande kidogo cha hidradenoma kinaweza kusomeka kama saratani, na kikipimwa vipokezi vitatu vinavyotafutwa kwenye saratani ya titi, ER, PR na HER2, mara nyingi hutoka hasi vyote. Mtu asiyewaza ngozi anaweza kukiita "saratani hasi tatu", jina ambalo huambatana na kemo nzito. Kosa hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mgonjwa hana namna ya kulitambua mwenyewe.

Kwa hiyo, picha ikionyesha uvimbe unagusa ngozi, au uvimbe uko kwenye chuchu, na majibu ya sindano yakaja na shaka, muulize daktari: "Je, uvimbe wote utolewe kwanza na upimwe, kabla ya kuamua kuondoa titi au kuanza kemo?"

Hatua ya 4: Kopo

Nyama inayotolewa mwilini huanza kuoza mara moja. Fomalini ya asilimia 10 huisimamisha ilivyo. Ikiwezekana, nyama iingie humo ndani ya saa moja tangu itolewe. Fomalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ujazo wa nyama. Ikikaa humo chini ya saa 6 au zaidi ya saa 72, vipimo vya vipokezi haviaminiki sana. Wewe unayesafiri kutoka wilayani kwenda hospitali za rufaa za Bugando, KCMC, Muhimbili, Eldoret au Kenyatta, panga safari yako ndani ya muda huo.

1. Kopo liwe na mdomo mpana na kifuniko kisichovuja. Nyama iliyosukumizwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba hukakamaa ikiwa na umbo la chupa, na haitoki.
2. Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe. Vifuniko hubadilishana.
3. Iandikwe: jina kamili, umri, titi la upande gani, mahali kwenye titi, tarehe na saa nyama ilipotolewa.
4. Nyama isiwekwe kwenye maji, maji ya chumvi, spiriti wala friza. Barafu huzipasua seli.
5. Usilifungue kopo njiani. Fomalini huunguza macho na koo. Iwe mbali na watoto, na isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji.
6. Ukiifikisha, omba namba ya maabara na uiandike kwenye simu yako. Namba hiyo ndiyo itakayokupatia majibu.

Karatasi inayoandamana na kopo ni muhimu sawa na nyama. Mtaalamu wa patholojia hakuoni wewe. Anaona kipande chembamba kilichobandikwa kwenye kioo.

> ORODHA: Karatasi ya maabara iseme
> ☐ umri na jinsia
> ☐ uvimbe una muda gani, na umekua vipi
> ☐ unagusa ngozi au chuchu?
> ☐ picha zilionyesha nini (nakala iambatanishwe)
> ☐ kuna vinundu vingine mwilini au kwa ndugu?
> ☐ uliwahi kuwa na saratani yoyote?
> ☐ ni kipande au ni uvimbe mzima?

Kama uvimbe umetolewa mzima, daktari ashone nyuzi kuonyesha upande wa juu na wa pembeni. Pasipo nyuzi hizo, hakuna atakayejua ukingo upi umebaki na ugonjwa.

Hatua ya 5: Kuisoma ripoti

Huu ni mfano nilioutunga, si wa mgonjwa yeyote:

> *Titi la kushoto, upande wa kwapa, sm 1 kutoka chuchu. Uvimbe wa sm 2.1, una mpaka mzuri, sehemu ngumu na majimaji. Seli za aina mbili, baadhi angavu. Hakuna seli zilizokufa, mgawanyiko wa seli ni mdogo. p63 na CK5/6 chanya. ER, PR, HER2 hasi. Unagusana na ngozi. Ukingo wa chini umeguswa. Maoni: hidradenoma.*

Mpaka mzuri, kutokuwepo kwa seli zilizokufa na mgawanyiko mdogo ni dalili za uvimbe mtulivu. p63 na CK5/6 ni rangi za maabara. Peke yake hakuna inayotoa hukumu, ila zikiungana na mpangilio wa seli na ule mguso wa ngozi, huelekeza kwenye tezi ya jasho. Vituo vyenye vipimo vya jeni huweza pia kutafuta badiliko la jeni MAML2, linalopatikana kwenye karibu nusu ya hidradenoma. Lisipoonekana, hilo halifuti jina.

"Ukingo umeguswa" maana yake uvimbe ulifika pale kisu kilipopita, kwa hiyo huenda kipande kimebaki. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanaona neno lisilo saratani, wanafurahi, wanakwenda nyumbani. Vivimbe hivi hurudi visipoisha vyote, na mara chache sana hidradenoma hugeuka kuwa mbaya. Ukingo ulioguswa hudai mazungumzo ya kurudi kutoa kilichobaki.

Hatua ya 6: Mambo matatu yakubaliane

Linganisha alichohisi daktari, zilichosema picha, na kilichosema kinyama. Picha ikisema 5 na kinyama kikasema "hakuna kitu", usiridhike. Huenda sindano ilikosa uvimbe. Kinyama kikisema saratani, ilhali uvimbe ni wa juujuu, umekaa miaka mingi bila kukua na unatembea na ngozi, kuna sababu ya kuomba jicho la pili kabla ya upasuaji mkubwa.

Jicho la pili halihitaji kuchomwa tena. Baada ya kupimwa, nyama yako huhifadhiwa maabara kwenye vibloku vya nta, pamoja na vioo vilivyosomwa. Omba vibloku na vioo hivyo, kwa barua ya daktari wako, vipelekwe kwa mtaalamu mwingine, ikiwezekana anayesoma patholojia ya titi au ya ngozi. Daktari mzuri hakasiriki akiombwa hivyo.

Hata hivyo usilifanye jicho la pili kuwa kisingizio cha kuzunguka. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mtu mwenye dalili za saratani ya titi apate majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Hesabu siku zako. Zikifika 30 na hakuna kinyama kilichotolewa, uliza kinachokwama ni nini: pesa, foleni, rufaa au fomalini. Kila kimoja kina mlango wake, na ustawi wa jamii wa hospitali ni mmojawapo.

Maswali ya kumpa daktari siku ya majibu

- Jina kamili la uvimbe ni lipi? Niandikie.
- Je, ni la uhakika, au ni "inaelekea kuwa"?
- Uvimbe wote umetoka? Ukingo uko safi?
- Nahitaji matibabu mengine, au kutoa uvimbe kumetosha?
- Nirudi lini kukaguliwa?

Uvimbe wa tezi ya jasho usio saratani, uliotolewa wote ukingo ukiwa safi, kwa kawaida hauhitaji kemo wala mionzi. Unahitaji kukaguliwa mara kwa mara, na kurudi hospitali kitu kikiota tena kwenye kovu.

Ripoti ikikufikia, ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, umtumie ndugu mmoja unayemwamini, na uandike ile namba ya maabara nyuma ya kadi yako ya kliniki. Vibloku vyako viko maabara. Ni nyama yako, na unayo haki ya kuomba visomwe tena.